Mchanga wa Chini ya Kitanda

Kouraichia alikuwa hajatia mguu wa pili chini kutoka kwenye puspusi, kile kigari kinachokokotwa na mtu, alipomwona Hasnati amesimama barazani pa skuli. Naye ana gunia. Siku mbili melini kutoka kisiwa cha Nosy Be, amelilinda gunia lake kama mtu anayelinda mgonjwa, kisha aje akute kati ya wanawake wote wa Mahajanga ni huyu ndiye aliyemtangulia.

Walikuwa wake wenza. Marehemu Boinali alikuwa mchuuzi wa vitambaa, mguu mmoja Nosy Be na mguu mmoja Mahajanga, na nyumba mbili kama miguu yake: kwa Kouraichia, mke mkubwa, kijijini Ambanoro kule kisiwani, na kwa Hasnati mtaani Ampisikina, hapa Mahajanga. Mauti yalimkuta kwa mdogo. Kouraichia alipopata habari aliingia eda nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyotaka, na alipotoka na kuja kulizuru kaburi akakuta kila kitu kimekwisha, hata mchanga. Maana kwao kaburi humwagiwa mchanga uliooshwa na kufukizwa, wanawake wakiutengeneza nyumbani na wanaume wakiupeleka. Aliyemtengenezea Boinali ni Hasnati. Mchanga wenyewe ulikuwa mwekundu mwekundu, umechanganyika na tope la mto. Kouraichia aliutazama, akasoma dua yake, akarudi zake na jiwe kifuani. Jiwe hilo lilikuwa na miaka sita sasa.

Safari hii alikuwa ameitwa. Mwalimu Chaher, mkuu wa skuli ya Ampisikina, alikuwa akijenga tangi la kioo la kuweka samaki wa baharini, ili sikukuu ya tatu ya uhuru watu wa mjini waone bahari kwa ndani bila kulowa. Kioo alikuwa nacho, maji ya chumvi tele, samaki wangepatikana. Mchanga ndio uliomshinda. Wa Mahajanga ukitikiswa kidogo tu maji yanageuka chai. Akasikia habari za mjane wa Ambanoro ambaye kila Shaabani, mwaka wa ishirini na moja sasa, huchekecha mchanga wa ua wa msikiti, akamwandikia. Alitaka mweupe, chembe zake kama chenga za mchele: ukiwa unga utatibua maji, ukiwa kokoto uchafu utajificha chini na kuoza. Mwisho wa barua aliahidi kubandika karatasi juu ya kioo, iandikwe jina la aliyeuchagua.

Ni karatasi hiyo iliyompandisha Kouraichia melini. Nyumba ya Hasnati iko hatua chache na skuli. Kila aendapo sokoni angepita hapo. Kila apitapo angeliona jina. Kouraichia aliomba Mungu amsamehe kwa kuliwaza jambo hilo katikati ya sala, kisha akaliwaza tena.

Kwa hiyo hakufanya kazi ya mzaha. Aliuacha ufuko wa mawe meusi akaenda kwenye ncha ya matumbawe, ambako mchanga ni mifupa ya bahari yenyewe. Akauchekecha kwa chekeche mbili, moja ya kutoa magamba na moja ya kutoa vumbi. Akauosha kwa maji ya kisima mara saba, na kila mara akitupia ndani kauri moja ndogo, asipoteze hesabu. Kauri hizo saba hubaki humo, ndiyo alama yake. Akauanika. Akaufukiza ubani. Mwisho akaunyunyizia marashi na kuupitishia kidole chenye mafuta ya udi, kwa kuwa mchanga wa Kouraichia ulikuwa haujapata kutoka mlangoni kwake bila harufu njema.

Walisalimiana kama wanavyosalimiana watu wazima. Hasnati akamwuliza hali ya safari, Kouraichia akamwuliza hali ya magoti, kila mmoja akamshukuru Mungu kwa niaba ya mwenzake. Mwalimu Chaher, mtu mwembamba mwenye haya, alieleza kwamba Bi Hasnati alikuja jana mwenyewe aliposikia skuli inatafuta mchanga, naye hakuweza kumrudisha mtu mzima. Ataujaribu wa wote wawili, kwa haki.

Kwanza alikamua ndimu. Mchanga wa matumbawe ukitiwa ndimu hutoa povu, na huo ndio unaowafaa samaki wa chumvi. Mchanga wa mto hunyamaza. Wa Kouraichia ukachemka povu. Alikuwa ameanza kutabasamu wa Hasnati nao ulipochemka vilevile. Tabasamu likamkaukia. Mahajanga haina mchanga wa namna hiyo.

Kisha yakaletwa makarai mawili, kila moja likatiwa mchanga wake na maji ya bahari, na maji yalipotulia, samaki mmoja mdogo mwenye mistari. Wakaketi kungoja. Kouraichia alivuta tasbihi, lakini macho yalikuwa karaini. Hata adhuhuri haijaadhiniwa, juu ya maji yake pametanda utando unaometameta kama mgongo wa nzi, na samaki wake amepanda juu, mdomo wazi, anagugumia hewa. Wa Hasnati alikuwa akidonoa mchanga kama kuku uani.

Mwalimu akainama, akanusa. Akauliza kwa upole umetiwa nini. Kouraichia akamjibu kama kawaida, ubani, marashi na udi kidogo, na hapo hapo, kabla hajamaliza kusema, akalijua kosa lake. Miaka ishirini na moja alikuwa akitengeneza mchanga kwa ajili ya wanaosujudu na waliokufa. Kiumbe wa kuvuta pumzi ndani yake hakumfikiria.

Hasnati akajifunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Dada," alisema, "samaki wa mwalimu wangali hai. Mbona umeshawapaka hanuti ya maiti?"

Walimu wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Chaher akamhamisha samaki haraka, asitazame mtu usoni. Kouraichia aliinuka. Mkono wake uliujua mchanga kuliko macho ya watu wengi. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia la Hasnati, akauzamisha hadi kwenye kiwiko, akitafuta tope, akitafuta kokoto, akitafuta aibu yoyote ya kumrudishia.

Vidole vikagusa kauri. Akaitoa. Akazamisha tena, akatoa ya pili. Hasnati akaacha kucheka. Kouraichia aliendelea kutafuta na kuzipanga ukingoni mwa baraza, mpaka zikawa saba.

Akakumbuka. Mwaka ule wa mwisho Boinali alimwomba gunia moja, akidai ana mteja mjini. Meli ilikuwa inapiga honi, akalichukua hivyo hivyo, halijafukizwa.

"Alikuletea wewe," alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Hakuniletea mimi." Hasnati alikuwa anazitazama kauri. "Alijiletea mwenyewe. Homa ikimpanda alinituma nilivute chini ya kitanda, aitie miguu yake humo. Nyumba yangu, kitanda changu, uji nimempikia mimi, na yeye miguu iko kwako."

Kouraichia alisimama pale na mkono umejaa vumbi jeupe. Utamu ulimpanda, kisha uchungu ukaufuata nyuma nyuma. Miaka yote hiyo alimwonea wivu aliyemfumba macho mume wake. Kumbe aliyemfumba naye alikuwa akiuonea wivu mchanga.

"Na kaburini?" aliuliza. "Ulikuwa nao huu, ukammwagia lile tope?"

Hasnati alikunja na kukunjua ncha ya leso.

"Aliusia uwe huu," alisema. "Mimi nikatuma kuchota wa mtoni. Nikasema, walau huko alale kwangu. Halafu kuutupa sikuthubutu, na kuulalia sikuweza. Jana nikaona bora uende kwa samaki, nami nipumzike."

Mwalimu Chaher alikohoa. Hakuelewa yote, walikuwa wakisema Kikomoro cha haraka, ila alielewa kwamba mchanga uliofaa ni wa Bi mkubwa. Akasema kwa furaha kwamba basi mambo yamekwisha, gunia hilo linatosha tangi bila kupungua wala kuzidi, na karatasi itaandikwa leo: Kouraichia wa Ambanoro. Alimwonyesha hata mahali itakapobandikwa.

Kouraichia aliliangalia lile pengo juu ya kioo. Lilikuwa mahali pazuri, usawa wa macho ya mpita njia. Sikukuu ilikuwa baada ya siku nne, na meli ya kuleta gunia jingine haikuwepo kabla ya wiki mbili. Wasia wa maiti ni deni, alifundishwa hilo katika chuo cha Kurani kabla hajajua kusuka nywele. Lakini tuseme kweli: alisita. Alisita kwa muda wa kuliona jina lake pale na Hasnati akipita na kikapu.

Kisha akazirudisha kauri moja moja ndani ya gunia na kulifunga mdomo.

"Mwalimu, uniwie radhi," alisema. "Huu una mwenyewe."

Mwaka huo watu wa Ampisikina waliona samaki wakiogelea juu ya mawe matupu, na walifurahi tu, kwa kuwa hawakuwa na cha kulinganisha.

Makaburini walikwenda wenyewe alasiri, puspusi mbili, gunia kwa Kouraichia. Walimfutia Boinali ule mwekundu, wakammwagia mweupe, wakasoma Yasini. Hasnati alipiga magoti yake mabovu akausawazisha kwa kiganja, taratibu, kutoka kichwani hadi miguuni. Alipomaliza akajivuta kando.

Kouraichia akapiga magoti palepale, akausawazisha upya.

Alipofika upande wa miguu alisimamisha mkono. Hapo, alama ya kiganja cha mwenzake aliiacha.