Vidole vya Marehemu Protasi

Kezia Hakizimana alifuta kidole gumba kwenye sketi, akakibandika tena kwenye kioo cha mashine. Wiston, kijana anayesajili laini za simu chini ya mwavuli katika stendi ya Kabanga, alisubiri taa ya kijani. Ikawaka nyekundu. Akaomba kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha mkono wa pili wote. Nyuma yao kondakta wa basi la Ngara mjini alikuwa akifunga mikungu ya ndizi juu ya keria, na wabadilisha fedha walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya plastiki wakinywa uji.

"Mashine haikutambui, dada," alisema Wiston. Hakusema kwa ubaya. Alimweleza kwamba mgeni husajiliwa kwa pasipoti pamoja na kibali cha kuishi nchini. Kezia alikuwa amevuka mpaka kutokea Muyinga, Burundi, kwa hati ya muda ya kusafiria, karatasi iliyokunjwa mara nne, na mashine haikuitaka karatasi hiyo.

Alikuwa amekuja kusoma ufundi wa maabara katika chuo kimoja cha binafsi kando ya barabara iendayo Ngara mjini. Mama yake alikuwa ameuza shamba la kahawa, lote, ili asome. Fedha zilikuwapo, zimeshabadilishwa pale mpakani, lakini chuo hakikupokea fedha mkononi tangu mhasibu wake alipotoroka nazo. Ada ilipokelewa kutoka kwenye akaunti ya mwanafunzi au ya mlezi wake, basi.

Kezia alikwenda benki. Wakamwambia alete namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Alikwenda kuomba kibali. Wakamwambia alete uthibitisho wa akaunti ya benki. Akarudi kwa Wiston, Wiston akamwambia alete kibali. Alizunguka hivyo kama mbuzi aliyefungwa kambani, na majani ya pale yalikwisha mapema. Mama yake naye aliulizia pasipoti huko nyumbani, akajibiwa kwamba vitabu vyake vimekwisha na hajulikani nani ataleta vingine.

Alipanga chumba kwa Clotilda, mjane aliyekaa nyuma ya stendi. Walielewana siku ya kwanza, kwa sababu Kirundi cha mmoja na Kihangaza cha mwingine ni kama watoto wa dada wawili. Clotilda angependa kuwa mlezi wake, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kitambulisho cha taifa. Jembe lilikuwa limemsugua vidole tangu utotoni mpaka vikawa laini kama kijiko, na kila alipokwenda kuandikishwa aliambiwa apumzishe mikono kwanza, arudi mwakani. Hata laini ya simu aliyotumia ilikuwa kwa jina la mumewe, Protasi.

Protasi alikuwa amekufa kwa homa ya ini na kuzikwa mgombani, nyuma ya nyumba. Baada ya matanga alianza kuja jioni. Alitoka kati ya migomba, akakung'uta udongo mabegani, akakaa kwenye benchi la barazani kusikiliza taarifa ya habari. Hakula wala hakunywa. Jua likishazama vizuri alinyanyuka, akamuaga mkewe, akarudi. Majirani walimwamkia wakipita. Padri aliulizwa mara moja, akasema mradi hafanyi fujo.

Jioni moja Protasi alimkuta Kezia amekaa barazani, vitabu vimefungwa mapajani, macho yamevimba. Kezia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akauliza kulikoni. Clotilda ndiye aliyeeleza. Protasi alisikiliza mpaka mwisho. Enzi za uhai wake alisafirisha ndizi kwa baiskeli, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba ushauri wa kitu chochote. Aliingia ndani, akafungua kabati, akatoka na kitambulisho chake. Picha ilikuwa nzuri, amevaa koti la harusi.

"Hiki hakijafa," alisema. "Twende kwa yule kijana kabla hajafunga mwavuli."

Wiston alimwamkia, akamfutia kiti. Alisema alihudhuria mazishi yake, na kwamba wali ulikuwa mwingi. Protasi akashukuru. Alibandika kidole gumba kwenye kioo, kidole cha baridi chenye udongo ukuchani, na taa ikawaka kijani kabla hata hajakikandamiza. Jina lake lilitokea lote, na tarehe ya kuzaliwa, na kata, na kijiji. Kezia aliyatazama maandishi yale kwa muda mrefu. Mashine ilimjua marehemu kama mama anavyomjua mtoto wake.

Wiston alikuwa pia wakala wa benki, kwa hiyo akaunti ilifunguliwa palepale kwa kidole kilekile. Kezia akaweka humo fedha zote za shamba la kahawa. Siku iliyofuata ada ya muhula wa kwanza ililipwa, na mkuu wa chuo akamwandika Protasi kuwa mlezi. Fedha za mihula iliyobaki zilikaa kwenye akaunti zikisubiri wakati wake.

Ule ulikuwa muhula mzuri. Kezia alijifunza kupaka damu kwenye kioo na kutafuta malaria kwa darubini, na mwalimu wake alimtuma awaonyeshe wenzake jinsi ya kushika mkono bila kutetemeka. Jioni alimsimulia Protasi alichosoma. Protasi alitaka kujua hasa ini linafanya kazi gani. Alipoelezwa, alisema laiti angejua angeliheshimu.

Halafu Thobias, mdogo wake Protasi, akaanza kulima shamba la Murusagamba.

Shamba lile lilikuwa la Protasi na Clotilda, walilifyeka wenyewe wakiwa vijana. Hawakupata mtoto. Thobias alipanda maharage upande wa mtoni, kisha akang'oa mihogo ya Clotilda upande wa juu. Alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba anamtunzia kaka yake. Clotilda alikwenda ofisi ya kata, kata ikampeleka mahakama ya mwanzo, na karani wa mahakama akamweleza kwamba kwa kumbukumbu zilizopo mumewe yu hai. Mke hawezi kudai mirathi ya mume aliye hai. Alete kwanza cheti cha kifo.

Clotilda alilibeba neno hilo kwa siku kadhaa bila kulitua. Protasi akisajiliwa kuwa amekufa, laini itafungwa na akaunti itafungwa. Asiposajiliwa, shamba litakwisha kipande kwa kipande. Mwishowe aliamua kwenda kuanza safari ya cheti, kwa kuwa kila kitu cha serikali alichowahi kukiomba kilichukua miaka. Aliona muda utatosha. Jioni angewaambia wote wawili, Kezia atoe fedha zake taratibu, na mambo yangekwenda.

Aliwasilisha maelezo asubuhi. Msajili, kijana aliyehamishiwa hapo karibuni na aliyependa kazi, aliingiza taarifa kwenye kompyuta mbele yake. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri. Kabla ya adhuhuri Clotilda alikuwa na cheti mkononi, bado kina joto la mashine.

Alirudi Kabanga mbio, kanga imemvuka mabegani. Alimkuta Kezia anatoka chuoni, akamshika mkono, akamweleza wakiwa wamesimama katikati ya njia.

"Mwanangu, nimemuua baba yako mlezi. Sikujua watafanya leo leo."

Kezia alikaa chini kwenye majani, na Clotilda akakaa naye.

Jioni Protasi alitoka mgombani kama kawaida, akaambiwa. Alimtazama mkewe, akasema alifanya sawa, shamba ni shamba. Kisha akamchukua Kezia wakaenda kwa Wiston kujaribu. Wiston aliwasha mashine. Protasi alibandika kidole gumba. Taa nyekundu. Akabandika vyote, kimoja baada ya kingine, kama Kezia alivyofanya siku yake ya kwanza.

"Mzee, umefariki," alisema Wiston.

"Najua. Nilikuwa najua."

"Sasa na mashine imejua."

Wakabaki wamekaa, marehemu na mwanafunzi, kwenye benchi la wateja. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka, na stendi ilinuka dizeli na ndizi mbivu. Protasi alitazama vidole vyake muda mrefu, halafu vya yule binti.

"Mimi nina pa kurudi, mwanangu," alisema. "Wewe je?"

Kezia alisema kwao waliuza shamba. Protasi akatikisa kichwa.

Kikao cha ukoo kilikaa wiki iliyofuata, kuchagua msimamizi wa mirathi. Clotilda alipeleka cheti chake na maneno yake. Protasi naye alikuja mapema, jua bado liko juu, jambo lililomchosha sana, akaomba kusema. Mwenyekiti wa kikao, mtu wa haki kwa sifa zake, alimweleza kwamba kikao kinamhusu yeye, na marehemu hana sauti kwenye mirathi yake mwenyewe. Kama alitaka kusema angeandika wosia akiwa hai. Protasi alikubali kwamba hakuandika. Alipewa kigoda akasikiliza. Ukoo ulimchagua Thobias, kwa sababu ni mwanaume, ni wa damu, na ana kitambulisho. Clotilda alitoka nje kabla hawajamaliza. Mumewe alimfuata, akasimama karibu naye chini ya upenu.

Mahakama ilimthibitisha Thobias. Benki ilimfungulia Thobias akaunti ya marehemu. Kezia alikwenda benki na shahidi wake, Wiston, wakaeleza fedha zilitoka wapi. Ofisa wa benki, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwasikiliza vizuri kuliko wote waliotangulia. Aliwaambia anawaamini. Kisha akasema kwamba fedha zilizo kwa jina la marehemu ni mali ya marehemu, na kumwamini mtu si utaratibu.

Kezia akaenda kwa Thobias mwenyewe. Alimkuta anapaua nyumba kwa mabati mapya yaliyomeremeta kiasi cha kuumiza macho. Thobias alishuka ngaziani, akaagiza binti aletewe maji. Alisema anasikitika. Alisema kaka yake alikuwa mtu wa siri, huenda alijiwekea akiba bila kumwambia mtu. Kezia alipomtaja mama yake na shamba la kahawa, Thobias aliinamisha kichwa kama anayesikia habari za msiba, akamwombea heri. Halafu akapanda tena ngazi, kwa kuwa fundi alikuwa anamsubiri na misumari.

Muhula wa pili ulianza bila ada, na chuo kilimruhusu Kezia kukaa darasani hadi mitihani. Siku ya mtihani msimamizi alisoma majina, lake halikuwamo. Mwalimu wa maabara alimsindikiza hadi getini, akamkabidhi koti lake jeupe alilolisahau kwenye msumari. Kezia alipanda kilima kimoja ambako simu yake ya Burundi hunasa mtandao wa kwao, akampigia mama yake. Mama aliuliza masomo yanaendeleaje. Kezia alisema yanaendelea. Mama akamsifu Mungu kwa muda mrefu, na Kezia akasikiliza mpaka salio likaisha.

Nyumba ya Kabanga ilikuwa pia ya mirathi. Thobias aliipangisha kwa mbadilisha fedha. Clotilda na Kezia walihamia Murusagamba, kwenye kibanda cha kuhifadhia majembe, na kwa kuwa Thobias alihitaji vibarua wa kupalilia maharage, aliwachukua wao. Watu walimsifu kwa kutowatupa.

Walipalilia tangu umande ulipokauka. Clotilda alishika mstari wa juu, aliouvunja kwa jembe lake mwenyewe akiwa mchumba. Kezia alishika wa chini. Malengelenge ya viganja vyake yalikuwa yamepasuka na kukauka, na ncha za vidole zilikuwa zimeanza kung'aa.

Jua lilipoegemea upande wa Burundi Protasi alifika. Alikuwa ametembea kutoka Kabanga kwa barabara mbovu, miguu imejaa tope hadi magotini. Alichukua jembe lililolegea mpini, akaligonga kwenye jiwe likakaza, akaingia mstari wa katikati.

Thobias alikuja kukagua. Alimwamkia kaka yake shikamoo, kama inavyopasa, akaitikiwa. Alitembea kati ya mistari mikono nyuma, akasimama, akasema mstari wa katikati umepinda kidogo. Protasi akautazama. Ulikuwa umepinda. Alirudi mwanzo akaanza kuunyoosha, huku wanawake wakimsogezea magugu pembeni.

Giza lilipoingia Thobias aliwalipa Clotilda na Kezia, akawaaga. Marehemu hakulipwa, kwa kuwa hakuwa ameandikwa popote. Alimaliza mstari wake gizani, akaufikisha mtoni, akaliosha jembe.