Punda kwenye Ukuta wa Shitanda

Jumapili saa kumi na moja jioni, mwaka wa tisini na saba, Selpher alikuwa akichambua maharagwe sebuleni kwao Shinyalu wakati katuni ilipoanza ukutani. Ilianzia pale pale ilipokuwa televisheni, juu kidogo ya alama za miguu ya meza. Akasogeza ungo kando asizibe picha.

"Mama, kipindi kimeanza."

Risper alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso, akaketi mkekani. Mkeka ndio uliobaki. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, ukoo ulipoketi kugawa vitu vya mumewe, marehemu Shitanda, Makhanu, mdogo wa marehemu, alichukua televisheni, betri ya gari iliyoiendesha, meza, na kile kiti kikubwa cha mbao ambacho kaka yake hakuruhusu mtu mwingine akikalie. Mjane hakuulizwa. Wazee walikunywa chai yake, wakaisifu sukari, wakasaidiana kubeba.

Katuni yenyewe Selpher aliijua tangu darasa la pili. Ilikuwa ya kipindi cha kanisa cha watoto: punda mwenye sikio lililokunjika anazunguka kijijini akiwarudishia wajane vitu vyao vilivyoporwa, na kila mlango anaofika anaomba maji, kisha anasali. Kiingereza chake kilikuwa cha puani, watoto wa jirani waliojaa sakafuni hawakuambulia kitu, kwa hiyo Shitanda alitafsiri. Alimgeuza punda akawa mtu wa Shinyalu kabisa, wa kukohoa kabla ya kusema neno zito. Selpher alikua akiamini kwamba punda wote duniani wana sauti ya baba yake. Furaha ya jioni zile hajaipata tena popote, wala haoni haya kusema hivyo.

Sasa punda alikohoa ukutani. Sauti ilikuwa ya Shitanda mwenyewe.

"Kikohozi kimepungua," Risper alisema.

Picha ilipoanza kujikunja pembeni, kama zamani betri ilipokaribia kuisha, Selpher aliupiga ukuta kofi na picha ikanyooka.

Wiki ya pili watoto wa jirani walirudi. Ya tatu akaja Makhanu, kwa sababu televisheni kwake ilionyesha chenga tupu na habari za ukuta zilikuwa zimemfikia. Aliona kuna kitu kilisahaulika siku ya kugawa. Akaukata kwa panga mlingoti wa eriali uliobaki uani, akaulaza njiani tayari kubebwa. Katuni haikukatika. Akaingia ndani akaupapasa ukuta.

"Hii ukuta iko kwa shamba ya ukoo," alisema.

Selpher alikuwa amenyamaza miezi mizima, na hasira yake ilikuwa imeshaiva.

"Basi beba, baba mdogo. Watoto, mpisheni."

Watoto wakampisha. Makhanu akaupima ukuta kwa mikono, akauacha.

"Nipatie basi mahali nikae."

"Keti chini. Kiti si ulibeba?"

Aliketi chini, magoti yakimfika kidevuni. Punda alipofika mlango wa mwisho hakuomba maji. Alikohoa, akamtazama.

"Makhanu, rudisha kiti."

"Kaka, hiyo mambo tulimaliza siku ya kunyoa," Makhanu akajibu. "Wazee walikuwa wote."

Punda hakubishana. Kipindi kikaisha kwa sala. Makhanu aliitikia amina kuwashinda wote, akabeba mlingoti wake, akaenda.

Jumapili iliyofuata alikuja na kiti cha Shitanda kichwani. Akakitua mbele ya ukuta, akageuka kumsalimia Risper. Alipogeuka tena, Selpher alikuwa amekikalia, viganja vyake juu ya mbao zilizolainishwa na viganja vya baba yake.

"Toka hapo, mtoto. Hiyo ni kiti yangu."

"Kipindi kimeanza, baba mdogo. Unazibia watoto."

Makhanu alisimama nyuma yake mpaka amina. Kisha akajitwika kiti, akaenda nacho kwake.

Jumapili nyingine alikileta tena, maana hakutaka kuketi chini, na Selpher akakikalia tena.