Zima Kizuizi Kwanza

Evodia alisimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi, mkono juu, simu ikielekea upande wa Singida mjini. Hapo ndipo mtandao ulipopatikana, na hata hapo ulikuja na kuondoka. Ukurasa wa kujisajili kwa mbegu za ruzuku ulifunguka nusu, ukaganda, kisha maandishi mekundu yakajaza kioo: *Tumegundua unatumia kizuia matangazo. Kizime ndipo uendelee.*

Alishuka, akapanda tena. Maandishi yalikuwa yaleyale.

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Shamba la alizeti alikuwa ameshalilima, na mawingu yalianza kujikusanya kila mchana. Mbegu za akiba alikuwa amezikamua mafuta wakati wa njaa. Akampigia binti yake, Agripina, aliyekuwa akisuka nywele saluni mjini.

“Hicho kizuizi ni kile ulichoniwekea wewe?”

“Sikukiweka, mama. Kimo ndani ya brauza niliyokuwekea, hiyo programu ya kufungulia mtandao; imezaliwa nacho. Unaikumbuka ile ya mwanzo? Ulikuwa ukitafuta bei ya alizeti zinakuja picha za kubeti, bando linaisha hujasoma kitu.”

“Si ungeongeza kizuizi kwenye hiyohiyo?”

“Kwenye simu ilikataa kuongezewa. Kwenye kompyuta ndiyo inakubali. Usikizime, mama. Nenda kwa bwana shamba, ana kompyuta.”

Alikwenda vilevile alivyokuwa, na udongo wa zizi miguuni. Kwenye veranda ya ofisi ya kata watu walikaa kwenye benchi, kila mmoja ameinamia simu yake. Ndani, Calist, bwana shamba, alikuwa na ukurasa uleule mbele yake. Kwake ulikuwa mweupe, mtulivu, hauna picha hata moja.

“Habari za kazi, bwana shamba.”

“Salama. Shida?”

Calist alikuwa rika la Agripina. Shikamoo yake ilikwisha siku alipopewa ofisi.

“Ukurasa unanikatalia. Unasema nizime kizuizi.”

“Basi zima.”

“Mbona wewe haukuambii uzime?”

“Mimi changu nimekiongeza mwenyewe. Nimekichagua, nakipangia cha kufanya, ukurasa haujui kama kipo. Chako kimekuja na brauza, kimekaa kama kilivyotoka kiwandani. Kinaonekana.”

“Basi nisajili hapo kwako.”

“Hairuhusiwi. Mwongozo unasema mkulima ajisajili kwa simu yake. Kampuni ndivyo inavyotaka.”

“Kampuni? Si mbegu za serikali?”

“Mbegu za serikali, ukurasa wa kampuni. Wametutengenezea bure, mama. Hiyo bure inalipwa na matangazo. Sasa ukifumba macho, atalipa nani?”

“Na wewe uliyefumba?”

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Calist aliugeuza uso wa kompyuta ukaelekea ukutani.

“Mwingine!”

Evodia alitoka, akakaa juu ya jiwe kando ya mlingoti wa bendera. Alisimama. Akakaa tena. Kisha akakizima kizuizi.

Ukurasa ulifunguka kama mlango uliosukumwa na fahali. Mwanamume aliyeshika noti alikuwa akicheka juu ya jina lake. Gari lilipita katikati ya maandishi. Kila alipotaka kugusa kitu, kitu kilishuka chini, na kingine kikaja mahali pake. Ujumbe wenye namba ya uthibitisho uliingia, ukasema namba hiyo haitumiki baada ya muda mfupi. Mbele yake kilikuwepo kitufe kikubwa cha kijani: THIBITISHA HAPA. Chini kabisa kilikuwepo kingine, cha kijivu, kidogo, ambacho hakukiona. Bando lilikuwa linakata. Akagusa cha kijani. Kikamwomba namba ya kitambulisho na ile ya uthibitisho. Akaandika zote.

*Hongera*, kioo kikasema.

Siku ya kugawa mbegu alifika ghalani mapema, akiwa na kanga ya kufungia mfuko mgongoni. Msichana mwenye mashine ya kuhakiki majina aliingiza jina lake, akalirudia.

“Mfuko wako umeshachukuliwa, mama. Juzi. Manyoni.”

“Manyoni sina hata ndugu.”

Calist aliitwa. Aliitazama simu ya Evodia bila kuishika.

“Uligusa tangazo. Umewapa watu namba zako.”

“Lilikuwa ndani ya ukurasa wenu.”

“Tangazo si letu.”

“Na ukurasa?”

“Wa kampuni.”

“Kampuni iko wapi?”

Alimpa namba ya simu. Evodia alipiga akiwa amesimama palepale mlangoni, watu wakimpita na mifuko mabegani. Sauti ya mwanamke ikamwomba asubiri. Ukafuata wimbo wa kusifia sabuni. Ukaisha, ukaanza upya, ukaanza tena, mpaka salio likakatika.

Mvua ya kwanza ilikuja na radi, ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu Evodia aliamkia shambani kwa sababu nyumbani hakukukalika. Pande zote majirani walikuwa wanafukia mbegu. Antipasi, wa shamba la pili, akaita kutoka mpakani, “Dada Evodia, wewe umeshamaliza kupanda?”

Evodia alilitua jembe kutoka begani. Gari lenye spika lilikuwa linapita barabarani taratibu, likitangaza kwamba wakulima wote waliojisajili wamepata mbegu zao, na kwamba wanapongezwa kwa kuipokea teknolojia. Halikuwa na haraka. Lilikwenda mpaka shuleni, likageuza, likarudi.

Magugu yalikuwa yameshachipua juu ya matuta. Evodia aliinama na jembe lake, akaanza kupalilia, tuta kwa tuta, akikwepa kwa uangalifu kila mahali ambapo mche ungekuwa umeota.