Maiki Moja, Mawifi Wawili

Kila mwanamume ana wazimu wake, na wa mume wa nyumba hii ulikuwa kurekodi. Chumba cha kulala cha yeye na mkewe alikuwa amekigeuza studio: godoro limesimamishwa ukutani, mablanketi yametundikwa dirishani, feni imezimwa isije ikavuma ndani ya wimbo. Katikati palisimama maiki moja tu.

"Imbeni kama mnavyoimba mkiosha vyombo," aliwaambia mkewe na dada yake.

Tatizo ni kwamba hata kwenye vyombo kila mmoja aliimba kivyake. Tangu mke aolewe, wifi yake hakuwahi kumpa neno jema, hata la kusingizia. Chai yake nyepesi, ufagio wake mvivu, sauti yake ya mgonjwa. Alijifanya hajali, lakini yalimkata maini. Leo alikuwa na tamaa moja: wifi amkubali, japo kwa wimbo mmoja.

Wakaanza. Mstari wa kwanza haujaisha, sauti ya wifi ilikwisha kuimeza ya mke nzima nzima.

"Dada, rudi nyuma," alisema mume. Akarudi. "Tena." Akarudi tena, mpaka mgongo ukagota mlangoni.

"Yaani mimi ndio wa kuwekwa mlangoni kama mdai?"

"Dada, wewe ni spika ya mkutano, mwenzio redio ya betri. Maiki ni moja, mwenye kelele husimama mbali."

"Basi mimi nisimame huko, wifi aje hapa," mke akajipendekeza.

"Ukisimama huku utasikika na nani? Mbu?" Wifi akatoka kwa kishindo. "Nimeshawaachia chumba chenu! Naimbia koridoni!"

Mume akaruka kitini. "Hapo hapo, dada! Usisogee!"

Wakaimba. Sauti kutoka koridoni iliingia taratibu, ikapita chini ya ile ya mke na kuibeba. Kwa mara ya kwanza hakulazimika kupiga kelele ili asikike, na raha ikamjaa kifuani. Wimbo ulipoisha, mume aliiacha maiki iendelee kurekodi mpaka mwangwi ufe wenyewe. Mke alisikia mapigo ya moyo wake tu.

Mume akavaa hedifoni, akasikiliza hadi mwisho, akaongeza sauti. Akacheka kimyakimya, akamvisha mkewe.

Noti ya mwisho ikafifia. Kisha, kwa mbali, ukasikika mnong'ono kutoka koridoni: "Jamani, mke wa kaka yangu anajua kuimba. Lakini simwambii, ng'o!"

Machozi yakamlenga.

"Hapo mwisho nifute?" mumewe alinong'ona.

"Thubutu!"

Wifi akachungulia mlangoni, midomo bado ameibinua. "Haya, imetokaje?"

"Nzuri, wifi," alijibu, mikono yote miwili imekandamiza hedifoni masikioni. "Subiri kidogo, nausikiliza tena mwisho."