Reli ya Kufika Kyela

Reli ya kweli hupita Mbeya, haifiki Kyela, basi Abdulrahim, muuza vyombo pale mjini, akaamua kuileta mwenyewe sebuleni. Juu ya meza ndefu alilaza vireli vya treni yake ndogo kutoka Mbeya hadi Kyela, akamwaga chenga za mchele badala ya kokoto, na katikati akasimamisha mlima wa karatasi, wazi kwa nyuma.

Alipomaliza kuunga nyaya, akawasha. Treni ikatoka Mbeya kwa madaha, ikaingia mlimani, ikakwama humo. Abdulrahim akafumua nyaya zote, akaziunga upya, akailaani transfoma pamoja na aliyemuuzia. Treni ikaingia tena, ikakwama tena.

"Umetazama ndani ya mlima?" mkewe Shamsa akauliza.

"Hii ni hitilafu ya umeme, mama Badru!"

Shamsa akaunyanyua mlima. Kuku wao, aliyefuata chenga, alikuwa ameatamia mayai katikati ya reli, akawatolea macho.

Abdulrahim akanyoosha mkono amtoe.

"Thubutu! Kuku anayeatamia habughudhiwi," alisema Shamsa, akaurudisha mlima taratibu.

Abiria wa Kyela wakashukia Mbeya, kama siku zote.