Kinyoya cha Mabawa Mawili

Shemeji yangu, karani wa kiwanda chetu cha kuku na bata, hakuruhusu mtu ashike raketi kabla ya kusikiliza historia ya mchezo wetu. Wachina walikipiga kinyoya kwa miguu. Watoto wa Ulaya wakakipiga kwa vibao, wakihesabu kisianguke. Waingereza waliokuwa India wakatia wavu na sheria, kisha jumba moja la kitajiri kwao likaupa mchezo jina la badminton. Sisi wanyonyoaji tulisikiliza huku miguu ikituwasha.

Vinyoya tulijitengenezea: kizibo, na manyoya kumi na sita ya bata bukini. Shemeji alisisitiza yote yatoke bawa la kushoto. Mchambuaji nilikuwa mimi, na bata ana mabawa mawili. Kwa nini nitupe nusu? Nikachanganya. Vinyoya vyetu viliyumba hewani kama mlevi anayetafuta mlango, nasi mwaka mzima tukavizoea, tukidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Kisha meneja wa kiwanda akautamani ukumbi tuliochezea uwe stoo ya makreti, akachukua na ufunguo. Akasema tukifungwa na timu ya benki Jumamosi, basi, anauchukua. Mle ukumbini ndimo pekee ninamoitwa Kombora. Kwingine kote mimi ni yule wa meza ya tatu. Roho iliniuma, sifichi.

Wageni walikuja na vinyoya vya dukani, vimenyooka kama barua ya serikali. Sisi tukawa tunapiga pale ambapo chetu kingekuwa, yaani hewa tupu. Seti ya kwanza ikaisha ishirini na moja kwa mbili.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu: manyoya ya kushoto na ya kulia hupinda pande tofauti, ndiyo maana vyetu viliyumba. Wakati wa mapumziko nikaenda kuwasalimia wageni, nikakaa kwenye benchi lao, juu ya mkebe wa vinyoya. Mwili wangu si haba.

Vingine hawakuwa navyo, ikabidi tuwaazime vyetu. Watu wa benki wakawa wanajikunja kulia, kinyoya kinapita kushoto. Tukashinda seti mbili mfululizo, na meneja akamrudishia Shemeji ufunguo bila kumtazama usoni.

Watu walipotoka, Shemeji alinivuta pembeni, mkebe uliopondeka mkononi.

"Shemeji, niambie. Ni sheria ya wapi inayoruhusu kukalia vinyoya vya mgeni?"

"Ya hapa," nikamjibu. "Ila bado haijaandikwa."

Akautazama ukumbi, akanitazama mimi, kisha akatoa kalamu.