Kopo Chini ya Kawa

Lawama yote iende kwa redio, na wala simwonei mtu. Mwaka ule Ramadhani iliangukia msimu wa mvua, na kule Mambrui upepo ukivuma jioni uliichukua sauti ya mwadhini ukaenda nayo baharini, watu wa mtaa wa kina Mwanabibi wasisikie kitu. Basi wakawa wanategea redio. Redio ikiadhini, tende mdomoni. Na adhana ikiisha tu, kabla mtu hajatema kokwa, huyoo anaingia bwana mmoja mwenye sauti laini kutangaza Nguvutamu, unga wa kukoroga kwa maji moto. Eti ajuza kaunywa, katupa mkongojo, sasa anacheza ngoma. Jamani, na mtu katoka kuadhini sasa hivi!

Watoto wa mtaa waliujua wimbo wa Nguvutamu kuliko walivyozijua sura zao za Kurani za chuoni. Wengine waliutamani kwa utamu. Mastura, binti wa Mwanabibi, alikuwa na lake.

Alikuwa akiutaka kwa ajili ya Bi Shekha. Huyu alikuwa mjane wa nyumba ya pili, ndiye aliyemfundisha Mastura alifu na bee, na tangu Shaabani miguu ilikuwa imemwisha nguvu, hata kichochoro hakivuki. Kila Idi Bi Shekha ndiye aliyekaa ukumbini mwao kumimina kahawa na kuwakatia watoto halua, na Mastura hakuona vipi Idi itakuwa Idi bibi huyo akiwa amelala kitandani peke yake. Jambo hilo lilimkaa rohoni mtoto yule, akawa halali vizuri.

Kila magharibi ikikaribia, Mwanabibi humpakulia jirani yake futari, akaifunika kwa kawa la ukindu, na mbebaji ni Mastura. Siku moja njiani akalikuta gari la Nguvutamu limesimama uwanjani. Muuzaji wake, Ochola, alikuwa ameshinda akinadi kwa kipaza sauti katika mji uliofunga, mikahawa imefungwa, hata muuza mahamri hayupo. Masikini ya Mungu, tumbo lilikuwa likimlilia. Mara anaona mtoto wa kike mbele yake, anafunua kawa: viazi vya nazi, samaki wa kukaanga, mahamri, kaimati zinang'aa kwa sukari.

Mastura akamsukumia sahani, akamwomba kopo, lile kubwa. Ochola hakufikiri kwamba pale pana biashara. Alidhani wenye nyumba wamemwonea huruma mgeni wakamletea chakula, maana alikwisha kusikia sifa za watu wa pwani mwezi huu. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akatoa kopo kwa moyo wa shukrani. Mastura akalifunika kwa kawa, akaenda zake mbio, moyo umemjaa.

Redio ilipoadhini, Bi Shekha akafungua kwa funda la maji, akafunua kawa, akakuta kopo. Mastura akamweleza yote kwa pumzi moja, mpaka na ajuza wa mkongojo. Bibi yule alimtazama mtoto, akalitazama kopo, akaomba maji moto. Akakoroga, akapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho, akashukuru kama aliyekula pilau. Kisha Mastura akamwambia asimame.

Akajaribu, wallahi akajaribu. Alishika tendegu la kitanda, akainuka, magoti yakatetemeka, akarudi chini puu. Mastura akaangua kilio.

Huko nyuma Ochola alikuwa ameshiba. Akaiosha sahani, akauliza watoto ni ya nani, na kwa kuwa aliambiwa huku sahani ya jirani hairudishwi tupu, akaweka juu yake ndizi alizonunua Magarini. Akamkuta Mwanabibi mlangoni, akamwambia, "Mama, tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Mungu akuzidishie." Mwanabibi akaitambua sahani aliyompa Mastura aipeleke kwa Bi Shekha, akaduwaa. Lakini mgeni hatiwi haya, basi akamjibu kwa upole, akamkaribisha tena kesho. Ochola alipokwisha kumpa kisogo tu, Mwanabibi akabeba futari yake mwenyewe, akaenda kwa jirani yake moto unamtoka, akaingia mkono u juu.

"Teremsha mkono, Mwanabibi," akasema Bi Shekha. "Nina miaka mingi nafuturu. Leo nimefuturishwa na mtu aliyeniletea kile alichoona ndicho bora duniani. Umpigie nini mtoto huyu? Mimi namshukuru."

Mkono ukashuka. Mastura akafuta kamasi, akauliza. "Redio ikisema jua limetua, wakubwa wote mnakula. Kwa nini ikisema bibi atacheza, isiwe kweli?"

Bi Shekha akacheka kidogo, akamvuta karibu.

"Ikisema jua limetua, mimi hapa kitandani huutazama kwanza mwanga wa dirishani, mjukuu wangu. Na hilo la unga nalo tumelitazama, mimi na wewe. Sasa nipe bega lako, tuone na hilo."

Bega likatolewa. Jioni ile walifika dirishani tu. Siku za mbele, baada ya futari, walifika mlangoni, kisha barazani, bibi akihema na mtoto akimwimbia ule wimbo wa Nguvutamu, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Mwanabibi akawa anapakua sahani mbili, na ya pili ni ya Ochola kila gari lake lilipopita, nayo haikurudi tupu hata mara moja.

Mwezi ulipoandama, asubuhi ya Idi, Bi Shekha alikivuka kichochoro. Alikivuka taratibu, uzito wake wote juu ya bega la Mastura, buibui lake likinukia udi, akaketishwa ukumbini mahali pake, akawekewa dele la kahawa mbele. Mwanabibi akawa analia na kucheka.

Redioni wakati ule yule bwana akaanza tena, mkongojo umetupwa, ajuza anacheza. Mastura akamkodolea Bi Shekha macho.

"Izime, mwanangu," akasema Bi Shekha, akimkatia halua, kipande kikubwa kuliko vya wenzake. "Aliyenileta nimeshamshukuru."